Kuchovya Si Kushikamanisha: Safari ya Fedha na Shaba Tangu Sheffield

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mhandisi na hufasiri vitabu vya mafunzo kwa ajili ya vyuo vya ufundi, aliniandikia mwezi uliopita akiniomba neno. Alikuwa amekwama katika sura inayoeleza jinsi metali mbili tofauti zinavyofanywa bamba moja, tabaka juu ya tabaka, zisiachane hata bamba likikunjwa au kufuliwa. Yeye alikuwa ameandika "metali zilizoozeshwa". Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuniuliza kulikoni. Ni neno zuri kwa mtu anayefikiria harusi, lakini mnunuzi wa bamba akisoma kwamba chuma chake kimeozeshwa, nahofia atakirudisha dukani.

Nilimjibu kwamba nitamtafutia. Kutafuta kukanipeleka katika historia ya kitu chenyewe, maana nimefundisha Kiswahili na Historia kwa miaka mingi na sijaona neno la ufundi likipatikana kwa kulikodolea macho neno la kigeni peke yake. Ni lazima kwanza ujue mikono ya fundi inafanya nini.

Tuanze na maneno tuliyo nayo, kwa sababu si machache. La kwanza ni kufua. Twafua chuma, twafua fedha, twafua nguo, twafua nazi; kote huko mna nguvu ya mkono. Mfua chuma ni mhunzi, na mfua fedha ni jamaa wa sonara, jina tulilolipokea kutoka kwa Wahindi. Kisha kuna kutia kalai, yaani kuyeyusha bati na kulipakaza ndani ya sufuria ya shaba ili chakula kisiguse shaba tupu. Kuna kutia njumu, yaani kupachika vipande vya metali katika mti, ngozi au metali nyingine kwa ajili ya pambo. Leo kijana ukimtajia njumu atatazama miguuni, kwa kuwa neno limehamia kwenye viatu vya mpira vyenye meno chini, nami sioni ubaya wowote katika uhamisho huo.

Halafu kuna kuchovya. Mtu huchovya mkate katika chai. Sonara huchovya pete katika maji ya dhahabu au ya fedha. Neno hili nililijua mapema kuliko ambavyo ningependa. Marehemu mama alikuwa na pete ya fedha aliyopewa na baba siku ya ndoa. Nilipokuwa darasa la tano, pete ilianza kuwa nyekundu upande wa kiganjani, pale iliposuguana na mpini wa jembe na mchi wa kinu. Tulikwenda naye kwa sonara mjini. Sonara aliigeuza mara mbili, akaipitishia tupa kidogo pembeni, akasema, "Mama, hii ni ya kuchovya." Njiani mama hakusema neno. Usiku baba aliapa kwamba aliuziwa kama fedha tupu, kwa bei ya fedha tupu. Zilipita siku kadhaa kabla hawajazungumza kama kawaida. Neno moja la fundi lilikuwa limeingia kati ya watu wawili waliokaa pamoja miaka kumi na mitatu.

Limebaki lehemu. Hili limetoka katika Kiarabu, na leo fundi wa redio akisema analehemu, maana yake anayeyusha bati na risasi kati ya nyaya mbili. Lehemu yetu, basi, ni gundi ya metali: kitu cha tatu kinaingia katikati na kuwashika wawili. Lakini katika Kiarabu mzizi uleule wa lam, ha na mim ndio unaozaa neno la nyama, na unaozaa pia kitenzi cha jeraha kufunga, nyama ikashikana na nyama. Jeraha linapopona haliwi na gundi katikati. Naomba msomaji aliweke hilo kando, tutalihitaji.

Sasa twende Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza ulioishi kwa visu karne nyingi kabla ya viwanda vikubwa vya mvuke. Huko aliishi Thomas Boulsover, fundi visu, aliyezaliwa mwaka 1705. Masimulizi yanayopokelewa mjini humo husema kwamba mnamo 1743 alikuwa akitengeneza mpini wa kisu wenye fedha na shaba, akazidisha moto. Alipotoa kazi yake alikuta vipande viwili vimeshikana. Fundi mwingine angelaani na kuvitupa. Boulsover alivitazama, kisha akavijaribu kwenye mashine ya kubapa, yenye magogo mawili ya chuma yanayozunguka na kubana kilicho katikati. Vipande havikuachana. Zaidi ya hapo, vilitanuka pamoja kana kwamba ni metali moja, shaba ikiwa chini na fedha ikiwa juu.

Hapa ndipo pa kutua, kwa sababu hapa ndipo ugunduzi wenyewe ulipo. Kwamba metali zikipata moto hushikana, mafundi wa dunia nzima walikuwa wakilijua. Wahunzi walikuwa wakiunga chuma na chuma cha pua katika panga tangu kale. Na kwamba fedha yaweza kufunika shaba, hilo nalo halikuwa geni. Jipya lilikuwa hili la kutanuka pamoja. Kabla ya hapo fundi alitengeneza chombo kwanza, kisha akakivika fedha. Sasa angeweza kuivika shaba fedha ingali mkuo mnene, kisha akaibapa mpaka ikawa bamba, akalikata na kulikunja atakavyo. Tena uwiano haubadiliki. Ikiwa mkuo ulikuwa na sehemu moja ya fedha juu ya sehemu kumi za shaba, bamba lililobapwa hadi kuwa jembamba nalo lina moja juu ya kumi. Aliyewahi kusukuma chapati ataelewa: weka donge jeupe juu ya donge la unga wa atta, sukuma utakavyo, rangi zote mbili zitatanuka hadi pembeni na nyeupe itabaki juu.

Kwa nini zilishikana? Fedha tupu huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, na shaba kwenye nyuzi 1085. Lakini mahali zinapogusana huzaliwa mchanganyiko, takriban sehemu 72 za fedha kwa 28 za shaba katika kila mia, ambao huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 780. Yaani mpaka wa wawili huyeyuka mapema kuliko yeyote kati yao. Tanuri likifika joto hilo, fedha ingali ngumu, shaba ingali ngumu, ila ule utando mwembamba wa katikati ndio unaokuwa maji. Ukitoa kazi wakati huo, utando huganda na kuwafunga. Hakuna mtu wa tatu aliyeletwa. Kilichowaunga kimetoka katika miili yao wenyewe. Ndiyo sababu nilisema jeraha lisisahauliwe.

Mafundi wa Sheffield hawakuwa na kipimajoto cha kuingia katika tanuri. Walikuwa na macho. Kazi ilianzia kwenye usafi: uso wa mkuo wa shaba na uso wa bamba la fedha vilisawazishwa na kukwanguliwa hadi ving'ae, kwani doa moja la mafuta au vumbi lingekuwa baadaye uvimbe chini ya fedha. Shaba yenyewe ilichanganywa na kiasi kidogo cha metali nyingine ili iwe ngumu zaidi. Fedha ililazwa juu ya shaba, juu ya fedha likawekwa bamba la kinga lililopakwa chokaa lisije nalo likashika, kisha vyote vikafungwa kwa waya wa chuma. Pembezoni ilipakwa boraksi ili hewa isiharibu mpaka. Mzigo ukaingia tanurini, na fundi akachungulia katika kitundu cha mlango. Alisubiri kuona mstari unaong'aa ukitokea ukingoni, fedha ikianza kutoa machozi. Akiona, alitoa mara moja. Akichelewa kidogo, fedha yote ingezama ndani ya shaba, naye angepoteza fedha, shaba na siku yake ya kazi. Sidhani kama kuna mtihani niliowahi kuusahihisha ambao matokeo yake yalitoka kwa haraka namna hiyo.

Boulsover mwenyewe alitengeneza vitu vidogo, hasa vifungo vya nguo. Hakuchukua hataza. Joseph Hancock, mwenzake wa mji huohuo, ndiye aliyeonyesha kwamba bamba lile lingeweza kuwa birika, kinara cha mishumaa na sufuria. Katika Birmingham, Matthew Boulton naye akaingia katika kazi hiyo kwa nguvu. Boulsover akageukia misumeno na bamba za chuma cha pua, akafariki mwaka 1788, wakati meza za watu wa tabaka la kati la Uingereza zilikuwa zimejaa vyombo vya namna yake.

Lakini bamba la namna hii lina mahali pasipoweza kusema uongo, napo ni ukingo. Ukilikata, pembeni utaona mstari mwekundu wa shaba kama tunda lililopasuliwa. Mafundi wa Sheffield walitumia akili nyingi kuuficha mstari huo. Walikunja ukingo ndani. Walivika shaba fedha pande zote mbili. Baadaye walilehemu uzi wa fedha kuzunguka ukingo wote, ukafuliwa kwa ustadi hata kidole kisihisi kiungo. Na palikuwa na tatizo jingine: mwungwana akinunua sinia alitaka nembo ya ukoo wake ichongwe katikati, na patasi ya mchongaji ingetoboa fedha na kufika shabani. Dawa yake ilikuwa kupachika kipande cha fedha tupu mahali pa nembo na kukisugua kwa moto hadi kishike. Wanaokusanya vyombo hivi leo hupuliza pumzi juu ya sinia: ukungu ukitanda, kile kipande huonekana kwa kitambo, kwa sababu weupe wake si weupe wa bamba linalokizunguka. Msomaji bila shaka amekwisha kutambua kazi hiyo. Ni njumu, fedha ndani ya fedha.

Ukiuliza kwa nini jitihada zote hizo za kuficha, utakuta swali la baba na mama limekwisha kuulizwa na Bunge la Uingereza. Fedha halisi katika nchi ile hupimwa na kupigwa chapa, na chapa ndiyo ahadi kwa mnunuzi asiyejua kupima. Watengenezaji wa bamba la fedha na shaba walianza kupiga chapa zao ndogo zilizofanana mno na chapa za fedha tupu. Kwa nini walifanya hivyo, kila mtu anaweza kukisia. Mwaka 1773 Sheffield na Birmingham zilipata ofisi zao za kupimia fedha, na pamoja na ruhusa hiyo kukawa na katazo: vyombo vya bamba visitiwe chapa za kufanana na fedha. Mwaka 1784 sheria ikalegezwa, mafundi wa Sheffield na wa umbali wa maili 100 kuuzunguka mji wakaruhusiwa kupiga jina lao na alama, mradi alama hiyo imesajiliwa katika ofisi ya Sheffield. Kwa maneno mengine, kitu kile kiliruhusiwa kuwapo, ila kwa jina lake. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nimemwona yule mwuza pete, ambaye sikumjua wala baba hakupata tena kumwona, akisema "fedha" mahali alipopaswa kuongeza neno moja tu.

Kilichomaliza biashara ya Sheffield hakikuwa sheria. Mwaka 1840 Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kuvika fedha kwa umeme: chombo kilichokwisha kutengenezwa kinatumbukizwa katika maji yenye chumvi za fedha, mkondo wa umeme unapitishwa, na fedha inaganda juu yake chembe kwa chembe. Ukingo haupo tena wa kuficha, kwa kuwa fedha inafika kila mahali. Bei ilikuwa ndogo na kazi nyepesi. Katika miaka michache ile kazi ya tanuri na kitundu cha mlango ilikuwa imekwisha kama biashara kubwa. Kuchovya kumeshinda, na sonara wetu akatamka neno la mshindi.

Ila tofauti haikufa. Utando wa kuchovya kwa kawaida ni mwembamba sana, na huliwa popote panapoguswa sana. Bamba la Sheffield nalo huliwa na kitambaa cha kusafishia, na shaba ikajitokeza migongoni mwa vinara vya zamani. Lakini fedha yake ilikuwa bamba la kweli kabla ya kukutana na shaba, nayo imedumu mezani kwa vizazi.

Wakati Boulsover alipokuwa akipika mikuo yake, fundi mwingine Mwingereza alikuwa na metali mbili mkononi kwa nia iliyo kinyume kabisa. John Harrison, mtengeneza saa, alianza saa yake ya tatu ya baharini mwaka 1740 na kuhangaika nayo miaka 19. Joto na baridi ya bahari viliivuruga mizani ya saa. Akapigilia pamoja kwa ribiti utepe wa shaba ya njano na utepe wa chuma cha pua. Shaba ya njano hutanuka zaidi ya chuma cha pua inapopata joto, basi utepe wote hujipinda, na kujipinda huko kukairekebisha saa. Boulsover alitaka metali zake zikubaliane. Harrison alitaka zigombane, ila zisiweze kuachana. Nilipokuwa nikifundisha, mwenzangu wa somo la Fizikia alikuwa na utepe kama huo wenye mpini wa mti, na mara nyingine niliuazima kwa somo la fasihi nilipotaka kueleza mgogoro. Ukiuweka juu ya moto wa mshumaa unajikunja taratibu mbele ya darasa zima, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kusinzia. Utepe wa namna hiyo, ulioshikamanishwa bila ribiti, ndio uliokuwa ukizima na kuwasha pasi zetu za umeme kwa kile kimlio kidogo.

Karne ya 20 iliondoa moto katika kazi hii, au angalau iliuondoa kwenye nafasi yake ya kwanza. Iligundulika kwamba metali mbili zinaweza kushikamana zikiwa baridi, ikiwa tu kile kinachozitenga kimeondolewa. Kila metali iliyokaa hewani huvaa ngozi nyembamba ya oksidi, nayo ndiyo pazia. Ukizisugua nyuso kwa brashi ya waya, ukazilaza pamoja na kuzibana kati ya magogo mazito hadi unene upungue kwa zaidi ya nusu kwa pigo moja, ngozi hiyo kavu haiwezi kutanuka; inapasuka vipande vipande, na katika nyufa zake metali mbichi ya huku inabubujika na kukutana na metali mbichi ya kule. Moto huja baadaye, wa kiasi, ili chembe zivuke mpaka na kiungo kikomae. Kwa njia ya ubapaji Wamarekani walitoa mwaka 1927 bamba la ndege liitwalo Alclad: moyo wa aloi ngumu ya alumini isiyostahimili kutu, na ngozi mbili za alumini safi inayoistahimili. Nguvu ilikuwa ndani, na subira nje.

Mfano uliopita mikononi mwa watu wengi zaidi ni sarafu. Hadi 1964 robo dola ya Marekani ilikuwa na fedha asilimia 90. Bei ya fedha ilipopanda, watu wakaanza kuzificha sarafu majumbani na maduka yakakosa chenji. Tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya sarafu mpya: moyo wa shaba tupu, na juu na chini ngozi za mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25. Kwa nini hawakutumia mchanganyiko huo peke yake, ambao ni mweupe na wa bei nafuu? Kwa sababu ya mashine za kuuzia soda na sigara. Mashine hizo zilikuwa zimefundishwa kuitambua fedha kwa namna inavyopitisha umeme, na mchanganyiko wa nikeli hupitisha umeme vibaya. Shaba tupu hupitisha vizuri. Ukiiweka shaba ndani na weupe nje, mashine inadhani ni fedha, na mtu naye anaona nyeupe. Sarafu ya robo dola ina uzito wa gramu 5.67, theluthi moja ya uzito huo ni zile ngozi mbili, theluthi mbili ni moyo mwekundu. Na kama ilivyokuwa Sheffield, ukingo unasema kweli. Hapa, hata hivyo, hakuna aliyejisumbua kuuficha. (Wasomaji wa Kenya watakumbuka sarafu zao za shilingi 10 na 20 zenye duara ndani ya duara. Hizo ni metali mbili pia, lakini zimekaa ubavu kwa ubavu, kipande kimebanwa ndani ya pete wakati wa kupigwa chapa. Kwa maneno yetu ya asili, hizo ni za njumu.)

Baadhi ya mabamba ya sarafu hizo za Marekani yalishikamanishwa kwa namna ambayo Boulsover asingeiamini, yaani kwa baruti. Askari walikuwa wameona vipande vya mabomu vikikutwa vimeganda katika vyuma kana kwamba vimelehemiwa, ingawa hapakuwa na moto wa kuvilehemu. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 kampuni ya DuPont iliifanya ajali hiyo kuwa kazi ya kiwanda. Bamba moja hulazwa chini, la pili huning'inizwa juu yake kwa nafasi ndogo, na juu ya la pili hutandazwa baruti. Baruti huwashwa upande mmoja. Mlipuko husafiri kutoka ncha hadi ncha ukilisukuma bamba la juu ligonge la chini kwa pembe, mfano wa kitabu kinachofungwa kwa nguvu kuanzia mgongoni. Pale zinapogongana, shinikizo ni kubwa kiasi kwamba ngozi za nyuso zote mbili hurushwa mbele kama mate, na nyuma yake metali safi hugusa metali safi. Kwa kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Metali zisizoweza kuvumiliana katika tanuri, kama titani na chuma cha pua, hushikamana kwa njia hii, na mabamba yake hutumika katika mitungi ya viwanda vya kemikali.

Ukikata bamba kama hilo na kulitazama kwa hadubini, mpaka si mstari ulionyooka. Ni mawimbi, moja baada ya jingine, yenye vilele na mabonde yaliyopangwa kwa vipimo karibu sawa, kana kwamba bahari iligandishwa ikiwa katika mwendo. Niliiona picha yake katika kitabu cha mwanafunzi wangu na nikakaa nayo kwa muda. Malenga waliomo humu wanaojua kupanga ukwapi na utao watafahamu kwa nini.

Nirudi kwenye deni langu. Kuchovya hakufai, kwa sababu hapa hakuna kinachotumbukizwa. Njumu ni kupachika. Lehemu ingefaa kuliko yote kama ingekuwa bado ina ile maana ya nyama na jeraha, lakini mafundi wameipa bati na risasi, na neno likishaajiriwa si rahisi kulirudisha. Kuambatanisha tumekupeleka kwenye barua, na kiambatanisho ni kitu cha kuondolewa kwa urahisi. Mshikamano wamelichukua wanasiasa. Lakini kitenzi chenyewe, kushikamana, bado ki huru, na kina kitu ambacho kushikana hakina. Watu wawili wakishikana mikono wataachiana baadaye. Tazameni ndugu zake: kufungamana, kugandamana, kuandamana. Ile -ama- ya katikati hueleza kuwa katika hali fulani na kubaki humo, na -na inaifanya iwe ya pande zote mbili. Lugha yetu ilikuwa na utaratibu wa jambo hili muda mrefu kabla ya tanuri la Boulsover. Nikamwandikia: kitenzi kiwe kushikamanisha, na zao lake liwe bamba la metali shikamani.

Alinijibu kwa heshima, kama alivyokuwa akijibu darasani alipokuwa hakubaliani nami. "Mwalimu, shikamoo. Kitenzi nakichukua kwa mikono miwili. Ila hilo la metali shikamani, mafundi karakanani watanicheka. Wao husema bamba la tabaka mbili, nami nitaandika hivyo." Nimekubali. Kitabu kitasema "bamba la tabaka mbili lililoshikamanishwa", na nadhani ni bora kuliko langu.

Pamoja na jibu lake aliniletea kwa mkono wa ndugu yake robo dola moja ya kawaida. Nimeisimamisha kwa ukingo juu ya meza ninapoandikia: nyeupe, nyekundu, nyeupe. Kando yake nimeweka pete ya mama, ambayo hakuivua hadi tulipoivua sisi. Alama ya tupa ya sonara bado ipo ubavuni. Nje yote imekuwa nyekundu, laini kama kokwa iliyolambwa. Ndani, upande uliolala kwenye kidole, ambako jembe halikufika, ingali nyeupe.